Usukani Unaosaidiwa na Mafuta

Lori zito la jeshi likizama katika tope, usukani wake humchosha hata dereva hodari. Dawa yake aliionyesha mhandisi Mmarekani, Francis Davis, mwaka 1926, na lori la zamani laweza kutiwa dawa hiyo. Injini huzungusha pampu. Dereva akigeuza usukani, vali hufunguka, nayo mafuta yenye nguvu husukuma pistoni, na pistoni hugeuza magurudumu.

Lakini twaonya: injini ikizimika, pampu nayo husimama. Basi anayeteremka vilima vya Nyaishozi asizime injini ili kuokoa mafuta. Usukani utakuwa mzito ghafula, wala kona haimngoji mtu.