Je, Ulimwengu Usio na Kikomo Lazima Ujirudie?

Mwaka 1871 serikali ya Ufaransa ilimfungia Louis-Auguste Blanqui katika Fort du Taureau, ngome iliyojengwa juu ya mwamba baharini, kwenye ghuba ya Morlaix. Alikuwa mwanamapinduzi mzee, mwenyeji wa magereza mengi. Humo ngomeni aliweka siasa kando akaandika kitabu kuhusu nyota, L'Éternité par les astres, kilichotoka mwaka uliofuata. Hoja yake ni fupi. Elementi zinazounda vitu vyote ni chache, zinahesabika; anga nalo halina mwisho; kwa hiyo maumbile hayana budi kuirudia kazi yake. Iko dunia nyingine kama hii, na ndani yake yumo Blanqui mwingine, amefungiwa katika ngome kama ile, anaandika maneno yaleyale.

Wazo hilo halikufa naye. Mwaka 1979 George Ellis na G. B. Brundrit wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliliandika upya kwa lugha ya kosmolojia ya kisasa, na mwaka 2003 Max Tegmark akalipachikia namba. Siku hizi utalisikia likisemwa kwa mkato: ulimwengu hauna kikomo, basi kila kinachowezekana kimeshatokea mahali fulani. Mkato huo ndio unaonikera, kwa sababu umeruka kazi yote iliyo katikati.

Tuchukue bao la kete. Lina mashimo 32 na kete 64. Ukiuliza kete hizo zinaweza kugawanywa mashimoni kwa namna ngapi, jibu linakaribia 10²⁵, yaani 1 ikifuatwa na sifuri 25. (Nimehesabu kila mgawanyo, hata ule ambao mchezo halali hauwezi kuufikia, mafundi wa namua na mtaji wanisamehe.) Wakikaa watu bilioni 8, kila mmoja akapanga mgawanyo mpya kila sekunde bila kulala, itawachukua karibu miaka milioni 40 kuzimaliza namna zote. Ni nyingi, ila zina mwisho. Kwa hiyo mchezo usiokoma lazima urudie mpangilio: siku mipangilio yote ikishatumika, unaofuata utakuwa umeshaonekana. Hapo hapahitajiki bahati yoyote.

Lakini angalia vizuri tumeahidiwa nini. Tumeahidiwa kwamba kuna mpangilio utakaojirudia. Hatukuambiwa ni upi. Wachezaji wakinasa katika mipangilio mia moja, wakaizungukia hiyohiyo milele, ahadi imetimia, na ule mpangilio uliokupa ushindi jana jioni haurudi asilani. Hapa ndipo Blanqui alipoteleza. Chukua namba 0.1010010001…, ambamo sifuri zinaongezeka moja kila hatua. Haina mwisho, wala haiingii katika mzunguko, lakini ukiitafuta tarakimu 2 ndani yake utatafuta mpaka kiyama. Hata π, ambayo tarakimu zake zimekokotolewa kwa matrilioni, hakuna aliyethibitisha kwamba kila mfuatano wa tarakimu unapatikana ndani yake.

Ili wewe hasa upate pacha, ni lazima bahati nasibu iingie. Rusha dadu mara 100: nafasi ya kutoipata sita hata mara moja ni kama 1 katika milioni 80. Endelea kurusha bila kikomo, na nafasi hiyo inashuka kuelekea sifuri. Émile Borel na Francesco Cantelli, mwanzoni mwa karne ya 20, ndio walioliweka jambo hili sawasawa: tukio lenye nafasi isiyopungua, likijaribiwa bila mwisho na majaribio yasitegemeane, litatokea mara zisizo na idadi, kwa uwezekano wa 1.

Masharti hayo si ya kupitiwa juujuu. Tuseme nafasi ya tukio inafifia: jaribio la kwanza ni robo, la pili 1/9, la tatu 1/16, na kuendelea hivyo milele. Majaribio hayana mwisho, na hakuna hata moja lenye nafasi ya sifuri. Hata hivyo, ukikokotoa uwezekano kwamba tukio hilo halitatokea kamwe, unapata nusu kamili. Wanafunzi wengi wa takwimu hawaliamini jibu hili mpaka walikokotoe kwa mkono wao, nami siwalaumu. Umilele mzima umepewa, na bado ni kama kurusha sarafu.

Kwa hiyo swali la pacha linatoka mikononi mwa wanahisabati na kwenda kwa wanafizikia. Wao ndio wanaopaswa kutuambia kama ulimwengu wetu unatimiza masharti. Kwanza, je, namna za kupanga vitu katika eneo fulani la anga zina mwisho? Kwa fizikia ya Newton, hapana: atomu moja inaweza kusimama popote kati ya nukta mbili, na nukta zilizo katikati yake hazina idadi, hivyo nafasi ya kuipata nakala halisi kabisa ni sifuri. Fizikia ya kwanta ndiyo iliyolibadilisha hilo. Mwaka 1981 Jacob Bekenstein alionyesha kwamba eneo lenye ukubwa na nishati yenye mpaka haliwezi kubeba taarifa kupita kiwango fulani. Taarifa zikishakuwa na kiwango, namna za kulipanga eneo hilo zinahesabika, kama kete mashimoni.

Dadu nazo zinaletwa na nadharia ya mfumuko, ile isemayo kwamba ulimwengu ulipanuka kwa kasi kubwa mno katika sehemu ndogo sana ya sekunde ya mwanzo. Misukosuko ya kwanta ya wakati huo ndiyo iliyopanda mbegu za galaksi, na mbegu hizo zilipandwa ovyo, huku hivi na kule vile, kwa kanuni zilezile kila mahali. Maeneo yaliyotengana vya kutosha hayategemeani. Mimi naliona hili kuwa jambo la kukubalika, ila nalikubali kwa nguvu ya nadharia ambayo haijafungwa.

Kwa msingi huo Tegmark alikadiria kwamba pacha wako wa karibu yuko umbali wa mita ambazo idadi yake ni 1 ikifuatwa na sifuri 10²⁸. Hizo 10²⁸ ni hesabu ya sifuri, si ya mita. Atomu zote za mtu wa kilo 70, ukiandika sifuri moja juu ya kila atomu, hazitoshi. Na ukitaka kuugeuza umbali huo uwe miaka ya nuru badala ya mita, unafuta sifuri 16 hivi, punguzo ambalo hakuna atakayeligundua. Tegmark mwenyewe alisema huenda pacha yuko karibu zaidi, kwa kuwa sayari na viumbe havitokei kwa kuchanganya chembe ovyo. Ellis, kwa upande wake, aligeuka kuwa mkosoaji wa hoja hizi. Kwake, matokeo ya ajabu kama haya ni sababu ya kutilia shaka kwamba kitu kisicho na kikomo kinaweza kuwepo kweli.

Hata tukiwakubali mapacha, wanatuvurugia hesabu ya kila siku. Mtabiri akisema nafasi ya mvua kesho ni asilimia 70, ungependa maana yake iwe kwamba katika kila mapacha wako 100, 70 watalowa. Lakini watakaolowa hawana idadi, na watakaobaki wakavu vilevile. Zitazame namba 1, 2, 3, 4 na kuendelea: nusu ni witiri, nusu ni shufwa. Sasa zipange hivi: 1, 3, 2, 5, 7, 4, 9, 11, 6. Hakuna iliyoachwa wala iliyorudiwa, na ghafla witiri zimekuwa theluthi mbili. Jibu linategemea unahesabu kwa mpangilio gani. Katika anga la kawaida unaweza kuanzia ulipo na kuhesabu kwa duara linalopanuka, na mambo yakaenda sawa. Katika zile nadharia ambamo mfumuko hauishi kabisa, njia hiyo haipo, na kila njia mbadala inaleta asilimia zake. Wataalamu wanaliita tatizo la kipimo, na Alan Guth, Andrei Linde na Alexander Vilenkin, baadhi ya waasisi wa nadharia hizo, wameshughulika nalo kwa miaka mingi.

Limebaki sharti ambalo wengi hulichukulia kama limeshathibitishwa: kwamba anga halina mwisho. Tunaloliona lina nusu kipenyo cha miaka ya nuru bilioni 46 hivi. Vipimo vya setilaiti ya Planck vilivyotolewa mwaka 2018, vikijumlishwa na ramani za galaksi, vinaonyesha anga tambarare, kwa usahihi wa karibu sehemu 2 katika 1000. Hiyo inaacha nafasi. Kama mpindo upo, na ni wa sehemu 1 tu katika 1000, wa aina ya uso wa tufe, basi ulimwengu wote ungekuwa na maeneo takribani 4,500 yenye ukubwa wa hili tunaloliona, basi. Kwa ulimwengu wa maeneo 4,500, hoja ya Blanqui haina pa kuanzia, na vipimo vya leo haviukatai.