Klachi ikilegea, usikimbilie kushusha giaboksi

Land Rover kuukuu bado zinatoa mazao shambani, hasa Series II iliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1958 na Series III ya 1971 hadi 1985. Klachi za magari haya husukumwa kwa mafuta, na hapo ndipo wenye magari wengi hupoteza fedha bure.

Pedali ikizama na gia zikakwaruza, hasa rivasi, mwenye gari huambiwa klachi pleti imekwisha. Ni kazi kubwa: sakafu ya mbele hung'olewa na giaboksi husogezwa. Kabla hujakubali, kanyaga pedali mara tatu haraka haraka, kisha ingiza gia. Ikiingia vizuri, shaka kubwa iwe upepo ndani ya mfumo. Mafuta hayabonyei, upepo hubonyea, hivyo nguvu ya mguu huishia njiani. Pleti iliyokwisha huwa na dalili nyingine: injini hunguruma mlimani, gari lisiende.

Kutoa upepo kunahitaji watu wawili, spana, mpira mwembamba unaopitisha mwanga na chupa yenye mafuta kidogo ya breki. Jaza kopo la mafuta. Chomeka mpira kwenye nati ya kutolea upepo ya masta ya chini, ncha nyingine izame ndani ya mafuta ya chupa. Msaidizi akanyage polepole na kushikilia. Legeza nati, mapovu yatoke, kaza, ndipo aachie pedali. Akiachia kabla hujakaza, upepo unarudi. Rudieni hadi mapovu yaishe, na kopo lisikauke hata mara moja, la sivyo mnaanza upya.

Upepo ukigoma, mafundi wazoefu hufungua masta ya chini bila kukata paipu, wakasukuma pistoni ndani na kuibana isichomoke, kisha wakaiinamisha ili nati iwe juu kabisa. Upepo hupanda juu. Nati ikiwa chini utahangaika kutwa.

Lakini upepo uliingia wapi? Kagua ukuta nyuma ya pedali na kifuniko cha mpira cha masta ya chini. Pakilowa, raba zimechoka. Zibadilishwe, au wiki ijayo mtakuwa chini ya gari tena.

Tumia mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 kutoka chupa iliyofungwa, kwani hunyonya unyevu wa hewa. Oili ya injini huvimbisha raba na kuziharibu zote. Mafuta ya breki yakimwagikia bodi, osha kwa maji mara moja, hubabua rangi.