Kasuku hasemi kwa pilipili

"Dokta, nimpe pilipili ngapi ili aseme?" Wiki hii nimeulizwa tena, mara mbili. Mtu wa pili alikuja na kasuku wa kijivu ndani ya katoni ya sabuni. Nyumbani kwake walikuwa wamemlisha pilipili mwezi mzima, ndege akanyamaza. Jirani akawashauri wamkate ncha ya ulimi. Wakamkata, kwa mkasi.

Nilimpa karanga moja. Akaipokea kwa mguu, akaipeleka mdomoni, ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Kasuku huigeuzageuza karanga kwa ulimi wake mnene kama kidole, mpaka ganda likae vizuri kwenye ukingo wa mdomo lipasuke. Huyu kidole hicho hana tena.

Pilipili kwanza, maana nimechoka nayo. Kile kinachotuwasha sisi hakimwashi ndege. Neva zake hazikisikii. Ndiyo maana ndege wa porini hula pilipili na kusambaza mbegu zake. Mpe kilo nzima, kwake ni tunda tu. "Lakini kasuku wa dada yangu alisema!" Najua alisema. Dada yako alisimama mbele yake kila asubuhi, pilipili mkononi, akimwambia "Jambo, kasuku! Sema jambo!" Aliyemfundisha ni dada yako. Pilipili imepewa sifa isiyo yake.

Mkasi ni mbaya zaidi. Sauti ya ndege haizaliwi mdomoni. Inatoka kifuani, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda kwenye mapafu mawili. Ulimi huipa sauti hiyo umbo, na kasuku anautumia kwa kazi hiyo kuliko ndege wengi. Ukiukata ili aseme, umemnyang'anya chombo chenyewe cha kusemea, tena umemwachia kidonda kinachovuja damu na njaa juu yake.

Wala kuiga hakukuanzia majumbani mwetu. Mwaka 1993 jarida la Ibis lilichapisha uchambuzi wa sauti za kasuku wawili wa porini, zilizorekodiwa hapahapa Kongo, wakati ule Zaire. Walikuwa na milio zaidi ya 200, na ndani yake waliiga aina 9 za ndege wengine na popo mmoja. Hakuna aliyewapa pilipili. Kasuku ni ndege wa kundi. Sauti anajifunza kwa wenzake, na anaitumia kwao. Alex, kasuku ambaye mtafiti Irene Pepperberg alimnunua dukani Chicago mwaka 1977, alijua kutaja rangi na maumbo na kuhesabu hadi 6. Alifundishwa vipi? Watu wawili waliongea mbele yake, mmoja akiuliza, mwingine akijibu, naye akitaka kuingia katika mazungumzo. Sasa wewe umemnunua ndege aliyekwisha kukomaa, aliyenaswa kwa ulimbo huko Maniema au Tshopo, akasafirishwa siku nyingi amebanwa na wenzake, ukamtundika peke yake barazani. Anaogopa. Kimya chake si ugonjwa wa ulimi.

Ufanye nini? Kama hujanunua, usinunue: mwaka 2016 nchi za mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe wa porini, zilimweka kasuku huyu katika Kiambatisho cha kwanza, pamoja na viumbe walio hatarini zaidi. Kama unaye, usimwachie hewani hapa Lubumbashi. Miombo yetu si msitu wake, atakufa. Mpe ngazi za mchikichi, papai, mboga za majani, si karanga tupu kila siku. Avoka usimpe kabisa, ni sumu kwake. Jua la asubuhi, kijiti cha kutafuna, maji safi. Ongea naye kila siku, kwa upole, aseme asiseme. Akianza kujinyonyoa manyoya, mlete mapema.

Huyu wa katoni ya sabuni namlisha ndizi na papai la kuponda, kwa kijiko. Karanga bado anaziokota, moja moja.