"Umeshinda tombola!" Kwanza uliza: ni nani anatoa feza?

Wandugu walimaji, tuseme uko shambani unapasua kakao, telefone inalia. Mesaje inasema namba yako imeshinda dola 1 500 katika tombola ya kampuni ya telefone, upige mbio kabla ya saa kumi na mbili. Unapiga. Mutu anajibu kwa sauti nzuri, Kifaransa kidogo, Kiswahili kidogo, anakuita Mama ao Papa. Kisha anasema: "Ili tufungue dosie yako, utume dola 10 tu kwa M-Pesa."

Hapo njo tombola yote iko. Zile 1 500 haziko fasi yoyote. Anatafuta 10 yako.

Na 10 haimutoshe. Ukituma, anarudi: kuko taksi ya leta, dola 35. Kisha kuko feza ya benki, dola 60. Kila mara anasema ni ya mwisho. Watu wanacheka: namna gani mutu mwenye akili anatuma mara tatu? Si ujinga. Akisha kutoa 10, anaona akiacha atakuwa amezitupa. Akitoa 35, sasa anaogopa kutupa 45. Mwizi anajua hesabu hiyo, ndiyo maana anaanza na kidogo. Wazee wanakumbuka Bindo Promotion kule Kinshasa, mwaka wa 1991. Ile haikuwa tombola, lakini mlango ulikuwa ule ule: toa kwanza, utapata nyingi.

Basi jiulize: nilinunua tikiti? Kama hukucheza, hukushinda. Ni kweli makampuni yanafanya promosio, lakini zawadi ya kweli haikuombi utume kitu mbele ya kuipokea. Na hakuna mutu wa kampuni mwenye haki ya kukuuliza kode yako ya siri, hata akijua jina lako lote. Jina si kitu, linaweza kutoka popote.

Kuko pia mesaje nyingine: "Umepokea franka 50 000", kisha mutu anapiga akilia kwamba alikosea namba, umurudishie. Usiamini mesaje, amini konti. Piga *1122# kwa M-Pesa, *501# kwa Airtel Money, *144# kwa Orange Money, uangalie wewe mwenyewe kama feza imeingia. Mara nyingi hakuna kitu.

Katika koperative hatari ni kubwa zaidi. Feza ya kahawa ya watu makumi inaweza kupita katika telefone moja ya trezorie. Akidanganywa yeye, minervali ya watoto wa wengine njo inaenda. Kwa hiyo tunaomba komite ikate neno hili: trezorie asitume feza kwa namba mupya mbele ya kuongea na prezida, uso kwa uso ao kwa namba yake inayojulikana. Haraka ni kazi ya mwizi. Mnunuzi wa kweli anaweza kungojea nusu saa.

Kama umekwisha kutuma, usifute mesaje. Kimbia kwa ajansi ya kampuni, Butembo ao Beni, na namba ya ile transaksio. Kama feza haijatolewa, wanaweza kujaribu kuizuia. Peleka habari kwa polisi pia: artikle 98 ya Code pénal inaazibu udanganyifu wa namna hii kwa kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 5. Na ujiangalie na mutu wa pili, yule anayepiga siku zinazofuata akisema anaweza kurudisha feza yako kama unamulipa kidogo. Huyo ni ndugu ya wa kwanza, kama si yeye mwenyewe.

Wengi walioibiwa wananyamaza kwa haya, na jirani anaanguka katika shimo lile lile wiki inayofuata. Katika mkutano wenu unaokuja, tengeni dakika kumi. Mwenye alipokea mesaje kama hizo azisome kwa sauti, na asiwepo wa kumucheka.