Mlango si bandari

Wako wafasiri waliotuzoesha kusema kwamba tarakilishi ina "bandari". Juhudi zao naziheshimu, lakini istilahi hiyo nimeikataa darasani, kwani humfanya mwanafunzi ashindwe kutambua kasoro ilipo. Kiingereza kina maneno mawili yanayotamkwa sawa: moja limetokana na neno la Kilatini portus, yaani bandari, na jingine porta, yaani lango. Maana inayotumiwa na wahandisi wa mitandao ni ya ukoo wa pili. Basi na tuseme mlango, kisha tuone jinsi neno moja linavyoweza kuangaza njia nzima.

Kila anwani ya intaneti ina milango 65,536, kuanzia 0 hadi 65535. Mlango 443 hupokea kurasa zilizofichwa kwa usimbaji, na mlango 25 hupokea barua. Nyumbani, tarakilishi zetu hupewa anwani za ndani, aghalabu zinazoanza na 192.168, ambazo ulimwengu wa nje hauzijui. Anayesimama langoni ni ruta, na kazi yake ni ya bawabu. Huwaruhusu wenyeji kutoka na huwapokelea majibu yao, lakini mgeni asiyetarajiwa humrudisha. Ukitaka aingie, sharti umwagize bawabu kwamba mgeni wa mlango fulani apelekwe kwa tarakilishi fulani. Agizo hilo ndilo uelekezaji wa mlango.

Mimi huhifadhi nyumbani rekodi za lahaja za pwani, na nilitaka wanafunzi wangu walio likizoni wazisikilize kutoka makwao. Agizo lilikuwa sahihi, lakini hakuna aliyeingia. Nilipoipigia simu kampuni inayoniuzia huduma, niliambiwa nizime ruta na kuiwasha tena. Ushauri huo haukugusa kiini cha tatizo.

Mwalimu aliye katika hali hiyo na afuate mlango baada ya mlango, kutoka ndani kwenda nje. Kwanza, afungue huduma yake kwa kutumia tarakilishi nyingine iliyo nyumbani. Ikikataa, kosa limo chumbani: ama programu haijawashwa, ama ulinzi wa tarakilishi yenyewe umeizuia. Pili, ahakikishe kwamba anwani ya ndani haibadiliki, maana bawabu aliyeagizwa chumba cha jana atampeleka mgeni kusiko na mtu. Tatu, atazame kama agizo linataja TCP au UDP inavyotakiwa. Nne, ajaribu kutoka nje hasa, kwa mfano kwa simu inayotumia data yake yenyewe, kwa sababu ruta nyingi hazimruhusu mwenyeji kujibishia hodi kwa anwani ya nje.

Hatua ya tano ndiyo iliyofumbua fumbo langu. Linganisha anwani ya nje iliyoandikwa ndani ya ruta na ile ambayo mitandao ya nje inaiona. Zikitofautiana, jua kwamba kuna bawabu wa pili mbele ya wako, naye hapokei amri zako. Huenda ni ruta nyingine iliyo papo hapo nyumbani. Lakini anwani ya ruta ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, bawabu huyo ni wa kampuni, kwani safu hiyo ilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa.

Chanzo chake ni uhaba. Kanuni ya IPv4 iliyochapishwa mwaka 1981 ina anwani takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Akiba kuu ilikwisha Februari 2011, na AFRINIC, shirika linalogawa anwani barani Afrika, lilianza kubana ugawaji mwaka 2017. Kampuni zikawakusanya wateja wengi chini ya anwani moja. Mteja wa namna hiyo husoma na kutazama bila shida, lakini hawezi kubishiwa hodi. Yeye ni mlaji wa maarifa ya wengine, ilhali yake hayatoki.

Dawa zipo. Omba anwani yako ya umma, ingawa huenda ukatozwa zaidi. Tumia IPv6 ikiwa ipo, maana anwani zake ni tele. Au funga njia inayoanzia ndani kwenda kwenye seva ya kukodi iliyo nje. Hata hivyo, usifungue milango yote kwa hasira. Mlango mmoja unaohitajika watosha, nao uwe na nywila thabiti, kwa maana wezi hupita wakijaribu kila kitasa.

Kuna deni tunalowadai wauzaji pia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidi kikamilifu alichonunua, na kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Haidhuru basi mkataba ukiandikwa waziwazi, kabla ya mteja kulipa: "Anwani yako ni ya pamoja, hutaweza kupokea wageni kutoka nje." Sentensi hiyo fupi ingewaokolea walimu wengi siku za kuhangaika, na haina neno hata moja ambalo mwanafunzi wa kidato cha kwanza hataelewa.