Chaneli ya Video ya Kijana Anayeanza: Sauti, Mwanga na Hesabu ya Megabaiti

Siku ya bamvua, maji ya bahari yakiwa yamekupwa kabisa, mwanafunzi wa Nguvumali jijini Tanga anaweza kusimika ufukweni mti uliotiwa alama za sentimita, kisha akaupiga picha ya video ya sekunde 10 kila baada ya nusu saa, kwa muda wa saa sita. Atapata vipande 13, yaani sekunde 130, ambavyo vikiunganishwa vitamwonyesha mtazamaji wa Kigoma, ambaye pengine hajapata kuiona bahari, jinsi maji yanavyojaa. Kazi hiyo haihitaji tena kituo cha televisheni. Simu ya mkononi inatosha, na chaneli ya kuiwekea video hufunguliwa bila malipo. Wala urefu si hoja: video ya kwanza ya YouTube, iliyowekwa tarehe 23 Aprili 2005, ilikuwa ya sekunde 19 tu.

Hata hivyo, vijana wengi huvunjika moyo mapema, na aghalabu huilaumu kamera. Kwa maoni yetu kamera haina hatia. Penye kasoro hasa ni sauti. Mtazamaji huvumilia picha hafifu, lakini maneno yasiyosikika humfanya aondoke mara moja.

Fizikia yaeleza sababu. Mahali pa wazi, ukali wa sauti hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali. Simu ikiwekwa mita 2 kutoka mdomoni badala ya sentimita 20, umbali umezidi mara 10, na ukali wa sauti inayoifikia umepungua mara 100, ilhali kelele za pikipiki barabarani zimebaki vilevile. Kwa hiyo hapana budi kinasa sauti kiwe karibu na msemaji. Kama kuna simu mbili, moja ipige picha kwa mbali na ya pili, iliyofichwa karibu na kifua, inase sauti. Msemaji apige kofi moja kabla ya kuanza. Mlio wa kofi hilo utamwezesha mhariri kulinganisha sauti na picha. Ufukweni kuna adui mwingine, nao ni upepo. Kusi likivuma huitikisa hewa iliyo mbele ya kinasa sauti, na ngurumo yake humeza maneno. Kipande cha sponji ya godoro kuukuu, kikifunikwa juu ya tundu la kinasa sauti, hupunguza sana kero hiyo. Ndani ya nyumba, kuta tupu huleta mwangwi. Pazia na nguo zilizotundikwa huunyonya.

Kuhusu mwanga maneno ni machache. Tanga iko takribani nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, hivyo jua la adhuhuri huwa karibu na utosi na kuyatia macho kivuli. Asubuhi na alasiri zafaa zaidi. Ndani, msemaji alikabili dirisha, asilipe mgongo.

Sasa tutazame gharama, ambayo ndiyo humwumiza mwanafunzi. Picha moja yenye pikseli 1,920 kwa 1,080 ina pikseli 2,073,600, na kila pikseli huhitaji baiti 3 za rangi. Picha 30 kwa sekunde hufanya takribani megabaiti 187 kila sekunde! Kifurushi cha gigabaiti moja kingekwisha kwa muda usiotimia sekunde sita. Kinachotuokoa ni ubanaji: simu huhifadhi hasa yale yanayobadilika kutoka picha moja hadi nyingine. Ukuta uliotulia nyuma ya msemaji hauna haja ya kuandikwa upya mara 30 kwa sekunde. Mkono ukitetemeka, karibu kila pikseli hubadilika, na ubanaji hushindwa kufanya kazi yake vema. Ndiyo maana simu iegemezwe juu ya rundo la vitabu. Kwa kiwango cha pikseli 1,280 kwa 720, YouTube hupendekeza megabiti 5 kwa sekunde; sekunde zetu 130 zitakuwa megabiti 650, yaani kama megabaiti 81 baada ya kugawanya kwa 8.

Je, fedha zitapatikana? Ili kupata mgawo wa matangazo, YouTube hudai waliojiunga 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, ukiacha njia ya video fupifupi. Saa hizo ni dakika 240,000; video ya dakika 3 ingepaswa kutazamwa yote mara 80,000. Tena aliye chini ya miaka 18 hupokea malipo kupitia mzazi au mlezi, na aliye chini ya 13 haruhusiwi kumiliki chaneli ya kawaida. Mwanafunzi anayeacha masomo ya jioni kwa tamaa ya mgawo huo aipige kwanza hesabu hii.

Mzazi na ajulishwe kabla ya video ya kwanza kutoka, kwa kuwa kilichokwisha kunakiliwa na wengine hakirudishwi. Nembo ya shule, mlango wa nyumba na sura ya jirani asiyeombwa idhini visionekane. Mwalimu anayetaka kuanzisha chaneli ya shule asome kwanza Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020, na palipo na shaka aiulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.