Skizofrenia: Dawa Hutoka Hospitalini, Utulivu Hutoka Nyumbani

Mtu anayeishi na skizofrenia anaweza kusoma, kufanya kazi, kuoa au kuolewa na kulea watoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema angalau mtu mmoja kati ya kila watatu walio na ugonjwa huu anaweza kupona kabisa. Wengine wengi huishi vizuri wakiendelea na matibabu. Mambo mawili huwasaidia sana: dawa zisizokatizwa, na jinsi wanavyoishi na jamaa zao.

Ugonjwa wenyewe

Mwaka 2022 WHO ilikadiria kuwa watu milioni 24 duniani walikuwa na skizofrenia, yaani mtu mmoja kati ya 300. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, na kwa wanaume huwahi zaidi. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au huamini kwamba majirani wanamfuatilia. Mazungumzo yake hupoteza mpangilio. Hujitenga na huacha kujali usafi wake.

Hiyo si laana, si jini na si uvivu. Wala si matokeo ya malezi mabaya. Urithi, mabadiliko katika ubongo na mazingira huchangia kwa pamoja, na bangi huongeza hatari. Familia nyingi huanza kwa mganga au kwa maombi. Sala ina nafasi yake, lakini kadiri matibabu yanavyochelewa ndivyo kupata nafuu kunavyokuwa kugumu.

Akipata nafuu, dawa ziendelee

Matibabu huwa ni vidonge vya kila siku au sindano inayodumu wiki kadhaa. Kosa la kawaida ni kuacha dawa mgonjwa anapotulia, kwa kudhani amepona. Baada ya wiki au miezi, sauti hurudi. Wengine huacha kwa sababu dawa huwaletea usingizi, mtetemeko, kukakamaa kwa misuli au kuongezeka uzito. Malalamiko hayo ni ya kweli. Yapelekwe kliniki, ambako kipimo au aina ya dawa inaweza kubadilishwa.

Maneno ya nyumbani yana uzito

Katika miaka ya 1950, mtafiti George Brown na wenzake jijini London waliwafuatilia wanaume walioruhusiwa kutoka hospitali za magonjwa ya akili. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba waliorudi kwenye nyumba zenye lawama, uhasama au ulinzi wa kupita kiasi waliugua tena zaidi ya waliorudi kwenye nyumba tulivu. Familia haisababishi ugonjwa, lakini inaweza kupunguza uwezekano wa kurudi kwake.

Kijana anayelala hadi saa nne asubuhi huenda amelemewa na dawa au na ugonjwa. Kumwambia "wewe ni mzigo" hakumwamshi. Ni afadhali apewe kazi moja inayojulikana kuwa ni yake, kama kuchota maji au kulisha kuku, na akiimaliza ashukuriwe. Kumfanyia kila kitu nako humnyima nafasi ya kujitegemea.

Akisema anasikia sauti, usibishane naye na usijifanye unazisikia pia. Mwambie: "Mimi sizisikii, lakini naona zinakusumbua." Zungumza naye kwa sentensi fupi, mtu mmoja kwa wakati. Ajiepushe na bangi, muguka na pombe.

Dalili za mapema

Kukosa usingizi, kujifungia chumbani, kuwashuku watu na kukataa chakula mara nyingi hutangulia kuugua tena. Familia ikubaliane na mgonjwa, angali ametulia, kuhusu nani atampeleka kliniki dalili hizo zikitokea, na nani ataweka tarehe za sindano. Mzigo huo usiachiwe mama peke yake. Ndugu wapokezane, kwa kuwa mlezi aliyechoka hukasirika upesi.

Haki na huduma

Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, inazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma za afya ya akili. Pia inamlinda mgonjwa dhidi ya ubaguzi na kudhulumiwa. Kumfunga mtu kamba au kumfungia ndani si matibabu.

Wakazi wanahimizwa kuanzia kwenye zahanati iliyo karibu, au kuzungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wao, ili waelekezwe kwenye hospitali yenye kliniki ya afya ya akili. Kwa wakazi wa Mombasa, Hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha huduma hizo. Ushauri nasaha hupatikana bila malipo kwa kupiga simu namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Mgonjwa akitishia kujidhuru au kumdhuru mtu mwingine, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.